Bastola ya Mfuko wa Ndani

Bastola ndogo zilipangwa rafu ya chini, na karibu kila mgeni aliinama kuzitazama hizo kwanza. Wanaume walicheka wakasema zinafanana na vibiriti vya gesi. Wanawake waliziomba kwa sababu zilionekana hazina makuu. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta nikiwa na sanduku la vikinga masikio na chupa ya spiriti, nikawaza, kama nilivyowaza kila mara, kama niseme au ninyamaze.

Ilikuwa klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Dubai, mahali ambapo watu walileta familia zao siku ya Ijumaa jinsi wengine wanavyokwenda kuogelea. Nilikuwa na shahada ya takwimu, na wakala aliyenisafirisha aliniambia nakwenda kufanya kazi ya hoteli. Nilipofika nikapewa fulana yenye picha ya shabaha mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kunakili pasipoti zao, kuwagawia miwani na vikinga masikio, kuvipangusa wakishaondoka, na jioni kufagia maganda ya risasi yaliyotapakaa kama maganda ya njugu baada ya sherehe. Usiku nililala International City, katika chumba cha watu wanne, kwenye jengo la upande unaoitwa Ufaransa. Pale kila mtaa umepewa jina la nchi. Baba aliwaambia watu wa kanisa kwamba binti yake anaishi Ufaransa ya Dubai, na hakuna aliyejua amcheke au ampongeze. Sikumwambia kwamba upepo ukigeuka, Ufaransa yetu inanuka maji taka.

"Hiyo ndogo ni ngumu kuliko inavyoonekana, madam," nilikuwa nasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Hawakunisikiliza. Waliingia nayo ndani, na baada ya muda mfupi mlio ulikatika ghafla, kisha ikasikika sauti ya mkufunzi akisema, "Weka chini. Toa kidole. Weka chini."

Mkufunzi wetu alikuwa Mganda, mwanajeshi mstaafu mwenye kifua kipana na miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Sote tulimwita Afande. Kiswahili alikuwa amejifunzia kambini, na hakuona sababu ya kukirekebisha.

"Hii mtoto iko na kichwa ngumu," aliniambia siku moja alipoleta bastola iliyokwama. Ganda la risasi lilikuwa limebanwa kwenye tundu la kutokea maganda, limesimama kama jino la mtoto lisilotaka kung'oka. "Mtu anaona iko kidogo, anashika kama anashika yai. Inakataa. Kubwa inasamehe. Kidogo haisamehe mtu."

Nikamuuliza kwa nini, na akanieleza, kwa sababu hakuwa na haraka na mgeni wake alikuwa anapuliza kiganja. Bastola ya namna ile hujilisha yenyewe. Ikipiga, nguvu ya risasi husukuma mgongo wake, kile chuma cha juu, nyuma, ganda tupu linatupwa nje, springi inaurudisha mgongo mbele nao unachukua risasi mpya. Bastola kubwa ina nafasi ya kuyafanya hayo kwa raha. Ndogo ina nafasi ya upana wa vidole viwili tu, kwa hiyo springi yake ni lazima iwe kali, na risasi zake zenyewe ni dhaifu. Kila kitu kiko ukingoni. Mkono ukilegea kidogo, risasi ikiwa ya aina isiyoipenda, mafuta yakikauka, inakwama.

"Sasa kwa nini watu wanainunua?" niliuliza.

"Kwa sababu inaingia kwa mfuko," alisema Afande. "Ile kubwa inabaki kwa nyumba. Sasa wewe chagua: bunduki mzuri iko kwa nyumba, ama bunduki mbaya iko na wewe."

Siku ile nililichukulia kama somo la kazini. Wiki chache baadaye baba akapiga simu.

Ilikuwa desturi kwamba mimi ndiye ninayepiga, kwa kadi. Baba alipopiga mwenyewe nilijua pana jambo, na kabla sijasema halo nilikuwa nimeshafikiria vifo vitatu.

"Mama," alisema. "Hakuna aliyekufa. Nakujua. Kaa chini."

Aliniita mama kwa sababu kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, baba hakunitaja kwa jina, maana hakuna mtu anayemtaja mama yake kwa jina. Akinipa chai alinipa kwa mikono miwili. Nikilia, alisema, "Nani amemuudhi mama yangu?" Lilikuwa jambo la mzaha na lilikuwa jambo la kweli, yote mawili kwa pamoja, na nilipokua nilijifunza kwamba kuna maneno ambayo wadogo zangu hawawezi kumwambia baba lakini mimi naweza, nikiyasema kwa sauti ya bibi.

Baba alikuwa na kinu cha kusaga mahindi kwenye kituo kidogo cha biashara, na njia ya kutoka kinuni hadi nyumbani ilipita kwenye shamba la mibuni lililotelekezwa. Mwaka ule watu wawili walikuwa wamevamiwa pale. Wa pili, mwenye duka la dawa za mifugo, hakupona. Baba aliomba leseni ya bastola, akahojiwa, akafunzwa kulenga na polisi mmoja, akasubiri mpaka akasahau, na sasa alikuwa ameipata, na bastola amekwisha kuinunua.

"Ni ndogo," alisema kwa fahari. "Hata mama yako hakuiona mpaka nilipomwonyesha."

Nilikaa chini kweli.

"Kwa nini ndogo, baba?"

"Ulitaka nibebe kubwa? Mimi ni mzee wa kanisa. Nitapitisha sahani ya sadaka na chuma kiunoni, watu waseme natoza kwa nguvu?" Alicheka. Kisha akashusha sauti. "Nyinyi mnazo huko klabuni. Hizi ndogo zinaaminika?"

Sijui mtu mwingine angejibu nini. Mtu mwingine angesema, zinaaminika, baba, lala salama. Mimi nilisema nitauliza.

Nikauliza. Niliuliza kila mtu na kila kitu. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa na intaneti, na wageni walipokuwa wachache nilisoma mabaraza ya wapenda bunduki wa nchi za mbali, watu wanaobishana kuhusu springi jinsi wengine wanavyobishana kuhusu Biblia. Mmoja aliapa kwamba ndogo yake haijawahi kukwama. Mwingine aliuza yake baada ya wiki moja. Kama mwanafunzi wa takwimu nilijua kwamba ushuhuda wa watu wanaojipigia debe si ushahidi, lakini niliendelea kusoma, na kila nilichosoma kilimfikia baba Ijumaa iliyofuata.

Nilimwambia ashike kwa nguvu, kifundo cha mkono kisilegee. Nilimwambia aijaribu kwenye uwanja wa shabaha kwa risasi zilezile atakazobeba, si nyingine. Nilimwambia aipake mafuta lakini asiilowanishe. Nilimwambia asiweke risasi chemba, tayari kupigwa, akiwa anatembea nayo mfukoni, kisha nikapiga tena kumwambia kwamba nimefikiri, na kwamba asipoiweka atahitaji mikono miwili wakati wa shida, na kwamba sijui lipi ni afadhali, amuulize polisi aliyemfunza.

"Mama," alisema, "marehemu bibi yako alinifundisha kukama ng'ombe kwa maneno machache kuliko haya."

Chumbani nilikuwa nakaa na Mtanzania kutoka Tanga, mfanyakazi wa usafi katika majengo ya Jumeirah Village Circle, ambayo mengine wakati ule yalikuwa bado yananuka rangi. Alikuwa na umri wa dada yangu mkubwa kama ningekuwa naye, na alinisikia nikiongea na simu kila Ijumaa.

"We mwenzangu," aliniambia huku akikunja nguo, "baba yako kanunua bastola au kaposa? Maana ushauri huu ni wa ndoa."

"Ikikwama je?"

"Ikikwama atakimbia. Wazee wa kwenu hawakimbii?"

"Ana goti bovu."

"Basi omba Mungu wezi wawe na magoti mabovu pia. Yalla, njoo ule."

Alikuwa na njia hiyo ya kunitoa kichwani mwangu na kunirudisha mezani. Lakini sikukaa mezani muda mrefu.

Kulikuja siku za vumbi. Upepo ulitoka jangwani ukaleta unga mwembamba wa njano ulioingia hata kwenye meno ya funguo. Bastola kubwa ziliendelea kulia kama kawaida. Ndogo zilikataa moja baada ya nyingine, mpaka madam aliyesimamia klabu akaamuru zirudishwe kabatini. Afande aliifungua mojawapo juu ya taulo, akaiinamia kwa miwani yake, akanionyesha mstari mwembamba wa vumbi kwenye mfereji ambao mgongo wa bastola hupitia.

"Hii tu," alisema. "Kubwa inakula mchanga inaendelea. Hii kidogo haina tumbo ya kuweka uchafu. Ndiyo maana ukibeba kwa mfuko, hiyo mfuko ni nyumba yake peke yake. Hakuna leso, hakuna peremende, hakuna kitu."

Nikakumbuka koti la baba.

Baba alivaa koti moja la kahawia jua liwake mvua inyeshe, na ndani yake, upande wa kushoto, palikuwa na mfuko ambao fundi cherehani aliushona kwa siri. Mfuko ule ulikuwa wa ugoro. Kanisa letu halikuruhusu mzee wake kutumia tumbaku ya namna yoyote, na baba alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatumii. Nyumbani sote tulijua. Tulijua kwa chafya zake za nyuma ya zizi, kwa leso zilizotoka na rangi ya chai, kwa namna mama alivyofua koti lile bila kugusa mfuko ule. Hakuna aliyewahi kusema neno. Kwetu mtoto haoni anachokiona kwa mzazi wake, na haki hiyo ya kutoonekana ndiyo sehemu kubwa ya heshima.

Ugoro ni unga. Ugoro wa kwetu una magadi ndani yake, na magadi hula chuma. Nilijua bila kuuliza mtu kwamba bastola imewekwa mfuko huohuo, kwa sababu ndio mfuko pekee ambao baba aliamini hauonekani.

Nilibeba jambo hilo zaidi ya wiki. Kwenye basi dogo la klabu nilijipangia maneno, nikayapangua. Nikimwambia, atajua kwamba tumekuwa tukijua miaka yote, na kwamba mzee aliyetusimamia kwenye maombi ya jioni alikuwa anatazamwa. Nisipomwambia, siku moja kwenye shamba la mibuni atavuta kile chuma na hakitafanya kitu. Nilijaribu njia za kuzunguka: nimwambie kuhusu vumbi kwa jumla, nimwambie mama amwambie, nimwandikie kaka yangu. Kila njia ilikuwa na mlango ambao baba angepitia akabaki na ugoro wake.

"Sasa unaogopa nini?" aliuliza mwenzangu wa Tanga nilipomweleza. "Mzee anavuta ugoro. Babu yangu alikuwa akivuta mpaka msikitini nje. Mwambie, baba acha ugoro, khalas."

"Hujaelewa. Si kuacha. Ni kwamba mimi najua."

Alinitazama kidogo, akaacha kucheka. "Aa," alisema. "Hapo nimekuelewa. Hilo zito."

Ijumaa ile nilipiga simu asubuhi, kabla baba hajaenda kinuni.

"Baba, ule mfuko wa ndani."

"Mfuko gani?"

"Wa kushoto. Bastola iko humo?"

"Iko humo. Salama kabisa."

"Na nini kingine?"

Nilisikia kuku wa nyumbani.

"Leso," alisema.

"Na nini?"

Safari hii sikusikia hata kuku. Kisha, taratibu sana: "Nani amekuambia?"

Nilikuwa nimejipangia majibu mengi, na yote yakanitoka. Nikasema kwa sauti ya bibi, ile ya mzaha wetu: "Mama yako anahitaji kuambiwa?"

Sikujua kama atakata simu. Nilisikia pumzi yake. Halafu akaanza kucheka, polepole, kicheko cha mtu aliyekutwa uchi mtoni na mtu wake mwenyewe.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nizaliwe mara ya kwanza."

"Wewe mwanamke." Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nimesikia. Kimoja kitatoka."

Kilichotoka ni ugoro. Mama aliniambia kwa kunong'ona kwamba baba amekuwa mkali kama nyuki, anasahau anachotafuta, anapapasa koti lake kisha anautoa mkono mtupu. Alimpelekea fundi koti, mfuko ukapinduliwa, ukapigwa brashi, ukashonewa kitambaa kipya. Bastola akaipeleka kwa polisi aliyemfunza, wakaifungua pamoja wakaisafisha, kisha wakaenda uwanjani. Baba alipiga simu siku hiyohiyo kwa gharama yake.

"Zote zimelia, mama. Haikukwama hata moja. Yule afisa ameniuliza nimefundishwa na nani kushika, nikamwambia mama yangu yuko Ufaransa."

Sijawahi kupata alama za mtihani zilizonifurahisha namna ile. Nilimwambia Afande, naye akatikisa kichwa akasema, "Mzuri. Mzee iko na mwalimu." Mwenzangu wa Tanga alipika wali wa nazi. Kwa miezi kadhaa nililala usingizi ambao sikuuzoea. Nilidhani hofu yangu, ambayo watu walinicheka kwayo tangu shule, hatimaye imemfaa mtu.

Aliyepiga simu alikuwa kaka yangu. Nilikuwa kazini, nimeshika kikinga sikio kimoja na kitambaa. Alianza kwa kusema, "Baba ni mzima," na nikashukuru Mungu kwa sauti, na ndipo nikatambua kwamba hakuwa amemaliza.

Watu watatu walimzuia baba kwenye shamba la mibuni, jioni, nuru ingali ipo. Mmoja alimshika koti. Mwingine alikuwa na panga, na alikuwa ameliinua. Baba aliingiza mkono mfuko wa ndani. Wawili walikimbia. Wa panga alianguka pale njiani, na alikuwa amekufa kabla gari la polisi halijafika. Walipofunua kitambaa alichojifunga usoni, baba alimjua. Alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto, aliyewahi kupiga ngoma katika kwaya yetu ya vijana, na mama yake alikuwa mteja wa kinu tangu siku ya kwanza kilipowashwa.

"Ilifanya kazi," baba aliniambia siku iliyofuata, nilipompata. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Kama ulivyosema. Ilifanya kazi vizuri."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Polisi walichunguza, wakaona alikuwa anajitetea, wakamwachia. Mchungaji alikuja nyumbani akasoma zaburi. Wazee wenzake walimwambia damu ile haiko juu yake. Yeye aliwasikiliza wote, akawapa chai, na Jumapili ya meza ya Bwana aliomba mwingine agawe mkate. Hakujiuzulu na hakuna aliyemwondoa. Alikaa tu kwenye benchi la nyuma, mikono ameikalia.

Mimi huku niliendelea kugawa miwani. Nilikuwa nimeizoea milio kiasi cha kutoisikia, na sasa nilisikia kila mmoja. Kila mlio ulifuatwa na kimya kidogo, na katika kimya kile nilimwona mtu ninayemkumbuka kama mtoto mwenye kaptura ndefu, akipiga ngoma ulimi ukiwa umetoka pembeni. Kisha nilimwona baba, na panga limeinuliwa. Nilijaribu kuomba, nikashindwa kupanga sala. Nikimlilia kijana, ni kama natamani baba angekuwa ndiye aliyelala pale. Nikimshukuru Mungu kwa ajili ya baba, ni kama naikanyaga ngoma ile. Kichwa changu, ambacho kilikuwa na uwezo wa kufikiria kila ajali inayoweza kutokea, hakikuwa kimefikiria hii. Nilikuwa nimeogopa jambo moja tu, kwamba itakwama. Ng'ambo ya hofu hiyo sikuwa nimetazama.

Afande alijua bila kuambiwa mengi. Aliniuliza tu, "Baba yako iko hai?"

"Yuko hai."

"Analala?"

"Mama anasema halali."

Alipangusa miwani yake kwa ncha ya fulana. "Mimi nilikuwa vita mbili," alisema. "Hapo hapana ongea sana. Mwambie asikae peke yake, afanye kazi. Afanye kazi ya mikono." Kisha akaenda kwa madam, na wiki iliyofuata nikahamishiwa kwenye mkahawa wa klabu, upande ambao milio inafika kama mtu anayepiga mkeka mbali.

Mwenzangu wa Tanga hakunitania tena kwa muda mrefu. Ijumaa aliniwekea simu karibu, akatoka nje kwenye ujia, akaniacha na chumba.

Nilichoongea na baba Ijumaa zile kilikuwa karibu kila mara kitu kimoja. Mama wa yule kijana hakuwa na mashine nyingine ya karibu. Hata hivyo, tangu mazishi, alibeba gunia lake la mahindi mgongoni kwa kamba, akapita mbele ya kinu chetu bila kugeuza kichwa, akaenda mpaka kituo kingine, kupanda kilima na kushuka. Alipita asubuhi na mahindi, akapita mchana na unga. Baba alijua siku zake. Siku hizo hakwenda kunywa chai, alisimama mlangoni.

"Amepita," alikuwa ananiambia.

"Alikutazama?"

"Hapana."

Alitaka kwenda kwake. Wazee walimwambia bado, kuna watu wa kutumwa kwanza, na majira yake. Akanijia mimi. "Mama, nifanye nini?" aliuliza, na haikuwa mzaha wetu. Aliuliza kama mtoto anavyouliza, na mimi niliyemjaza maneno kuhusu springi na mafuta na kifundo cha mkono nilikaa kwenye kitanda cha chini, katika jengo la Ufaransa, nikitafuta ndani yangu neno moja la mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumwona. Nilimwambia asimfuate. Nilimwambia aache mlango wazi. Sikujua kama hilo ni jibu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzito, na njia ya kilima ikawa matope. Ijumaa moja, nilipopiga, baba hakunisalimu.

"Amekuja," alisema.

Aliniambia yote kwa utaratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Alikuwa peke yake kinuni. Aliona kivuli mlangoni, akadhani ni mteja yeyote, akageuka. Mama yule aliteremsha gunia, akalifungua, akamimina mahindi mwenyewe kwenye mdomo wa mashine kama alivyokuwa akifanya zamani. Hakusalimia. Baba alikumbuka kwamba alikuwa akipenda unga laini, kwa hiyo alizima, akabadilisha chekecheke, akaiangusha skrubu, akaitafuta chini kwa magoti, goti bovu na lile zima, na mama yule amesimama anamtazama. Kisha akawasha. Wakasimama wawili katika kelele ile mpaka mahindi yakaisha. Unga ulipotoka, mama yule alichota kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Akasema, 'Umelainika,'" baba aliniambia. "Basi. Akafunga gunia, akaenda."

Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Hakusema lingine?"

"Hilo tu."

"Na wewe?"

"Nilimsaidia kuliinua mgongoni. Aliniachia niliinue. Unadhani atarudi, mama?"

Nilifikiri. Nilifikiria mvua, na kilima, na mgongo wa mwanamke wa umri ule. Nilifikiri kwamba huenda amekuja kwa sababu ya matope tu, na kwamba kiangazi kikija atapanda tena kilima. Nilifikiri kwamba huenda sivyo.

"Sijui, baba," nilisema.

"Na mimi sijui," alisema, na nyuma yake nikasikia mtu akibisha bati la mlango kwa kiganja, na baba akimwambia alete, alete, mashine bado ina moto.